Mikate Ishirini ya Bi Waltraut

Nilikula mkate ule miaka thelathini, na kila mara nilisema asante. Kila tarehe kumi na nne Machi, theluji iwe imeyeyuka au bado inafika magotini, Bi Waltraut Nestler alioka mikate ishirini, akaipanga kwenye kigari cha mkono, akapita nyumba ishirini za kijiji chetu huku juu milimani Saksonia. Yangu ilikuwa nyumba ya ishirini, ile ya mwisho wa mtaa, ambamo mimi na marehemu mke wangu tulihamia. Mkate ulikuwa mweusi, mzito, mchachu kidogo, unakaa wiki nzima bila kuharibika. Akikukabidhi alisema maneno yale yale, "Huu wa baba," kisha akaenda zake.

Mimi ni mpiga chapa. Nilitoka Unguja mwaka sabini na nne kuja kusomea kazi hiyo Leipzig, nikaoa, nikabaki, na kijiji hiki nacho kikachoka kunishangaa. Nayataja haya kwa sababu moja tu: bila jicho langu la chapa, habari hii ingebaki ndani ya kopo la Bi Waltraut. Kuna siku najilaumu, na kuna siku nakataa kujilaumu.

Bi Waltraut alizaliwa mwaka arobaini, mtoto pekee wa Arno Nestler, mwokaji mikate, na mkewe Elsbeth. Alipika jikoni mwa shule miaka thelathini na tisa. Watoto aliowalisha supu ya dengu sasa wana wajukuu, na bado wakikutana naye dukani wananyoosha mgongo. Alikuwa mfupi, mpana, na sauti yake ilivuka bonde. Hakuolewa. Alipata mchumba mmoja, mchimba madini, akamwacha kwa sababu ya mzaha wa mezani. Yule bwana alisema kwamba ukiwauliza watoto wa Kijerumani, baba zao wote walikuwa wapishi vitani, hata mtu anashangaa risasi zilifyatuliwa na nani. Bi Waltraut alimwondolea sahani kabla hajaimaliza, akamfungulia mlango.

"Baba yangu hakuwa mpishi," aliniambia, na ingawa miaka hamsini ilikuwa imepita alikuwa bado amekasirika. "Alikuwa mwokaji. Na alioka. Karatasi ninazo."

Karatasi zilikuwa kwenye kopo la bati la keki ya Krismasi, juu ya kabati la jikoni. Mama yake alimsimulia hivi tangu utoto: Arno alichukuliwa jeshini akatiwa kwenye kikosi cha waokaji, akapelekwa Urusi. Huko aliwaona wanavijiji wanakufa njaa. Akamwomba ofisa wake ruhusa, na mara ishirini alifunga farasi kwenye gari, akawapelekea mkate. Jeshi la Wajerumani haliendi haja bila karatasi, kwa hiyo kila safari iliandikwa kwa taipu, tarehe na jina la kijiji, mistari ishirini, na ofisa akatia sahihi chini. Nishani aliyopewa ilikuwa kwa kupambana na magenge ya porini yaliyotaka kumpora mkate. Juni mwaka arobaini na nne alipata likizo, akaja nyumbani siku kumi na moja, akaacha karatasi zake, akarudi vitani na hakuonekana tena.

Ndipo Elsbeth akaanza kuoka. Alianza Machi ya arobaini na sita, wakati watu hapa walikuwa wanachemsha maganda ya viazi. Unga aliupata wapi hakuna ajuaye. Alioka vimikate ishirini, kila kimoja sawa na ngumi ya mtoto, akampa Waltraut wa miaka sita avute kigari. Tarehe aliichagua kutoka kwenye orodha, mstari wa kumi na moja. Mtoto alipouliza kwa nini huo, mama alijibu kwamba siku hiyo baba alipeleka mkate mwingi kuliko siku zote. Watu walilia milangoni. Mpaka leo kuna wazee wanaosema kimikate kile kiliwavusha majira yale ya baridi.

Bi Waltraut alikuwa na jambo moja tu analolitaka duniani. Baba yake hakuwa na kaburi. Mbele ya kanisa letu kuna jiwe la waliokufa vitani, na majina ya vita vya pili yalichongwa mwaka tisini na nne tu, maana serikali iliyotangulia, ya kikomunisti, haikutaka kuyaona. Familia zilipeleka majina. Elsbeth, akiwa na miaka themanini, alikataa. Alisema, "Mwacheni," akafunga mlango. Bintiye alidhani bibi wa watu bado anamsubiri mumewe. Kwa hiyo kila Novemba, Jumapili ya Maombolezo, wenzake walisimama mbele ya jina, yeye akasimama mbele ya jiwe.

Mwaka elfu mbili ishirini na moja jiwe lilianza kupasuka. Baraza la kanisa likaagiza litengenezwe na kutangaza kwamba kuna nafasi ya mistari mitatu, ya mwisho, baada ya hapo basi. Mwenyekiti wa baraza, Bwana Gottfried Uhlig, ni mtu wa taratibu. Alitaka hati inayoonyesha kikosi cha marehemu na mahali alipopotelea. Bi Waltraut akaja kwangu na kopo lake.

"Makame," akasema, "wewe umekaa na karatasi maisha yako yote. Hizi zisemeshe."

Nilizitandaza mezani. Hati ya nishani ya majira ya baridi ya kwanza kule Urusi. Ya nishani nyeusi ya jeraha, Septemba arobaini na mbili. Ya nishani ya shaba ya kupigana na magenge, Mei arobaini na nne. Na orodha. Zote nne zilikuwa na tundu la mviringo mahali pa muhuri. Hilo halikunishangaza, kwani nyumba za hapa zimejaa matundu. Warusi walipokaribia mwaka arobaini na tano, akina mama walikaa jikoni na mkasi wa kucha wakamkata yule tai wa Wanazi na msalaba wake uliopinda, kwenye vyeti, kwenye picha za harusi, mpaka kwenye kofia za kwenye picha. Waliamini hatari yote imo kwenye yule ndege. Akishatoka, karatasi imekuwa safi.

Elsbeth naye alikata vizuri sana. Ila alimkata ndege peke yake. Duara la nje la muhuri alilibakiza, na kwenye duara, kwa wino uliopauka, nikaona tarakimu tano. Nilichukua lenzi yangu ya kazini. Ile ilikuwa namba ya posta ya vita. Kila kikosi kilikuwa na yake, ili adui akikamata barua asijue ni kikosi gani, lakini Berlin ufunguo wa namba hizo upo mpaka leo.

Namba ya nishani ya kwanza haikufanana na ya orodha. Niliiona tofauti ile na nikainyamazia. Nilimwambia tu kwamba tumepata. Alinibusu shavuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku niliyomzika mke wangu.

Tuliandika barua pamoja kwenye ofisi ya kumbukumbu Berlin. Majibu yalichukua miezi kumi na minne. Kila Jumatatu alipita uani kwangu kuuliza, nami namjibu kwamba wafu wa Berlin ni wengi na makarani ni wachache. Alikwisha kumhoji mchonga mawe, akajua herufi zitakuwa na kimo gani.

Barua ilifika Juni. Nilikaa nayo siku tisa bila kumwambia, na siku zile nilijifunza kwamba mimi ni mwoga. Mwanzoni ilikuwa kama mama alivyosimulia: kikosi cha waokaji, tanuri za magurudumu, mkate wa askari. Septemba arobaini na mbili kipande cha kombora begani. Kisha hospitali, na kutoka hospitali hakurudishwa kwenye tanuri. Alihamishiwa kikosi cha ulinzi wa nyuma ya mstari wa mapigano, kwenye misitu ya Belarusi. Namba ya kwenye orodha ilikuwa ya kikosi hicho. Orodha yenyewe, aliandika karani kwa adabu ya kiofisi, ilikuwa kiambatisho cha kawaida. Nishani ile ya shaba ilitolewa kwa anayetimiza siku ishirini za mapigano dhidi ya magenge, na siku zilipaswa kuthibitishwa moja moja. Genge, kwenye karatasi za wakati ule, alikuwa yeyote aliyekutwa mbele.

Ningeishia hapo. Badala yake nilijitia kimbelembele, nikaandikia jumba moja dogo la makumbusho kule Belarusi, nikawapa mistari yote ishirini. Nilidhani nitapata kitu cha kumpunguzia uchungu. Mwanamke mmoja akanijibu upesi, kabla siku tisa zile hazijaisha. Vijiji kumi na saba kati ya ishirini havipo tena. Kuhusu mstari wa kumi na moja, tarehe kumi na nne Machi arobaini na tatu, kijiji cha Lipnavichy, aliniletea nakala ya taarifa ya kikosi chenyewe na orodha ya majina aliyoikusanya yeye kwa waliosalia. Taarifa ilisema: adui waliouawa, mia moja arobaini na tatu. Waliokufa upande wetu, hakuna. Silaha zilizokamatwa, bunduki mbili. Kwenye majina ya yule mama, sitini na mmoja walikuwa hawajafika miaka kumi na miwili. Watu waliingizwa kwenye ghala la nafaka, likatiwa moto.

Siku ya kumi Bi Waltraut alinijia mwenyewe. Mletabarua alikuwa amemwambia. Mjini barua ni siri, kijijini ni habari.

"Unanificha, Makame."

"Keti kwanza."

"Nimeketi miaka themanini. Soma."

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti ile ninayoitumia kusahihisha chapa, neno kwa neno, kwa sababu ningetua ningeshindwa kuendelea. Nilipofika kwenye ghala alinyoosha mkono akashika ukingo wa meza. Kahawa yake ilikuwa imeota utando juu.

"Na mkate?" akauliza.

"Hakuna mkate, Bi Waltraut."

"Hata safari moja?"

"Hakuna."

Alichukua orodha, akaiangalia muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mistari kama alivyofundishwa na mama yake akiwa mdogo. Kisha akaikunja. Hakulia. Aliniuliza kama inawezekana baba alikuwa anashika farasi tu. Nikasema inawezekana. Akaniuliza kama naamini. Nikainamia meza, naye akaitikia kwa kichwa, akaondoka na barua ya Berlin, kopo lake akaliacha.

Sasa elewa jambo moja, kwa maana hapa ndipo ilipokuwa njia panda. Uhlig hakutaka orodha. Alitaka kikosi na mahali alipopotelea, na hayo barua ya Berlin ilikuwa nayo kwenye ukurasa wa kwanza. Ukurasa mmoja ungetosha. Jina lingechongwa, yeye angesimama mbele yake Novemba, na kopo lingerudi juu ya kabati. Niliwaza hivyo mimi, naye aliwaza hivyo, maana wiki tatu alilala na ule ukurasa mmoja chini ya mto. Alinieleza baadaye bila kuona haya.

Agosti alikwenda kwenye baraza, mimi nikamsindikiza. Aliweka karatasi zote mezani akasema kwamba analiondoa jina la baba yake. Uhlig alizisoma taratibu, akavua miwani, na kwa sauti ya huruma akamwambia kwamba yaliyopita si ndwele, kwamba marehemu alikuwa askari na askari huamriwa, na kwamba hakuna atakayeuliza.

"Mimi nimeuliza," akasema Bi Waltraut.

Hapo huruma ikamtoka Uhlig. "Basi sikiliza, Waltraut. Pale kwenye jiwe kuna majina arobaini na manane. Baba yangu yumo. Ukimtoa wako kwa sababu hii, kesho watu watauliza na wa kwetu walikuwa wapi. Ulifikiria hilo?"

"Una karatasi za baba yako?"

"Zipo darini."

"Zina namba?"

Uhlig alizisukuma karatasi zetu upande wetu wa meza kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayesukuma mdudu, akasema kikao kimekwisha. Nilitaka kumtukana. Kiswahili kina matusi mazuri kwa watu kama yeye, na kwa bahati mbaya hakuna ambaye angeyaelewa.

Novemba jiwe lilikuwa tayari. Mistari miwili ilijazwa, wa tatu ulibaki mtupu, umesuguliwa vizuri. Bi Waltraut alisimama pembeni na koti lake jeusi. Walioitikia salamu yake niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Watu walewale aliowalisha supu waligeuza nyuso. Wengine walisema uzee umempanda kichwani, wengine walisema ni mimi, mgeni, niliyemchimbia. Hilo la pili lina ukweli, sikulikana.

Machi ilipofika niliamka nikanusa hewa. Siku hiyo harufu ya mkate wake hufika mpaka kwangu. Safari hii hapakuwa na kitu. Nikasema amekoma, na nikiri kwamba nilishukuru. Mnamo saa nne asubuhi nikasikia magurudumu ya kigari kwenye changarawe.

Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio ule ule wa miaka sabini na saba. Kigari kilikuwa kitupu isipokuwa orodha, imewekwa ndani ya plastiki. Nilisimama dirishani nikimwona akishuka mtaa. Anabisha, mlango unafunguliwa, anasema kitu kifupi, anaenda wa pili. Milango mingine ilifungwa kabla hajamaliza. Jirani yangu Bibi Roscher, ambaye kimikate cha arobaini na sita kilimkuta mtoto wa miaka minne, alisimama kizingitini na mkono mdomoni muda mrefu baada ya yeye kuondoka.

Akafika kwangu. "Leo sina mkate, Makame," akasema, kama alivyokuwa amesema mara kumi na tisa. "Baba yangu hakupeleka mkate. Mstari wako ni wa ishirini." Akausoma, tarehe na kijiji. Kila nyumba aliisomea mstari wake.

Nilimwingiza ndani, nikampa kiti karibu na jiko. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi. Aliisogeza karibu na moto hadi ikapata joto, kisha akaitandaza orodha magotini.

"Mistari ishirini," akasema. "Mama angeweza kuchukua wa kwanza, au wa mwisho, mtu yeyote angefanya hivyo. Akachukua wa kumi na moja. Kwa nini, Makame?"

Lile swali nilikuwa nimelikwepa tangu Juni. Nilimwambia kwamba jibu analo.

"Ninalo. Baba alikaa naye siku kumi na moja, na katika siku hizo alimwambia." Alisema polepole, kama anayesoma maandishi hafifu. "Mama nilikuwa namwona kila mwaka. Anaoka, anafuta meza, anakaa. Hakuwahi kuuweka mdomoni. Hata ile Machi ya njaa, mimi nalamba makombo sakafuni, yeye hakugusa. Nilidhani ni huzuni ya mjane."

"Labda alikuwa anaomba msamaha kwa njia yake."

Aliniangalia, na hasira niliyoiona haikuwa juu ya baba yake. "Basi angeomba kwa miguu yake. Alinituma mimi. Nilikuwa na miaka sita, akanifunga skafu, akanifundisha la kusema mlangoni. Watu wakanibusu mikono. Yeye akabaki jikoni."

Alimaliza kahawa, akavaa glavu zake, akaniaga. Kigari alikiacha mlangoni kwangu, na mpaka leo hajaja kukichukua.